Nilivyohesabu Watoto wa Mtu

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya uandishi ni kwamba nilihesabu watoto wa mtu, nikaandika idadi yao, kisha nikaibandika ukutani kijiji kizima kisome.

Nalitaja mapema kwa sababu nikichelewa nitaanza kulipamba. Ndivyo nilivyo. Barua ya ukurasa mmoja naiandika mara nne. Uandishi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kutoka kwenye magazeti makuukuu yaliyofungia sukari dukani kwetu Bunda. Niliyanyoosha kwa kiganja na kunakili sentensi zilizonipendeza. Mara nyingi karatasi ilikuwa imechanika katikati ya habari, nami nilishinda siku nzima nikijiuliza iliishaje. Nadhani hofu yangu ya kuacha kitu pungufu ilianzia hapo.

Watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa si muda mrefu, na vijiji vyetu vilitafuta vijana wa kuandika gazeti la ukutani. Nikaitwa kwenye misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma, kwa mafunzo ya wiki tatu: jinsi ya kuandika habari za afya ya mama na mtoto, na uzazi wa majira.

Siku hizo zimenikaa kichwani kwa rangi nyeupe. Asubuhi ukungu wa ziwani ulipanda mpaka madirishani, na mwalimu wetu, nesi mkunga wa Musoma mjini, alitokea ndani yake taratibu, gauni kwanza, uso baadaye. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekaribia kusinzia, na mambo aliyoyasema hatukuwahi kuyasikia yakisemwa mchana.

Tulikuwa wanaume watupu. Alipotaja viungo vya uzazi tuliangalia sakafu. Karani mmoja wa pamba, mtu mzima, alininyooshea kidole akasema, "Huyu hata mke hana. Atatuandikia uzazi gani?" Nesi akamwuliza yeye mwenye wake wawili kama anajua siku mmojawapo aliyojifungua. Karani akafikiri, akafikiri, akaanza kucheka mwenyewe, nasi tukamfuata. Kuanzia hapo hatukuangalia sakafu tena.

Tulipewa fomu za mazoezi. Jina la mama lisiandikwe, nesi alisisitiza. Lakini palikuwa na mstari wa umri, mstari wa kijiji, na mstari wa idadi ya watoto. Nesi alikuwa mzaliwa wa mbali, hakujua mstari huo una nini kwetu. Mimi nilijua. Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuhesabu watoto wala ng'ombe. Ukiwahesabu unawaonyesha, alikuwa akisema, na kinachoonyeshwa huchukuliwa.

Nilijua, na nilinyamaza.

Wiki ya pili gari la misheni lilitupeleka upande wa Butiama, tukapita mawe ya Mwitongo yaliyokaa kama ng'ombe waliolala, hadi Buswahili. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani. Upepo uling'oa nyuzi zake zikaelea barabarani mbele yetu bila haraka. Mama niliyepangiwa alikaa kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kisima. Alinipa kigoda, akanijibu kila kitu kwa upole: kwamba baada ya mtoto wa mwisho nesi wa zahanati alimweleza jinsi ya kupumzika kabla ya mwingine, kwamba mumewe alikubali, kwamba sasa anapata nguvu ya kulima.

"Na watoto, mama, unao wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu, mwanangu. Wengine ndio hao wanakushangaa."

Nikashukuru, nikaaga. Lakini mstari ule ulibaki mtupu, na mstari mtupu ulinichoma. Nilisimama kisimani kama mtu anayesubiri zamu ya maji. Watoto walitoka na kuingia, mmoja na mbuzi, mmoja na kuni, mmoja mgongoni mwa dada yake. Nikawapigia alama kwenye karatasi kwa kalamu. Walikuwa saba. Naikiri furaha niliyoipata wakati ule, furaha ya fomu iliyojaa.

Habari yangu ilisifiwa darasani. Ikarudufiwa, ikabandikwa kwenye ukuta wa ghala la pamba la kijiji kile, na darasa la kisomo la watu wazima likaisoma kwa sauti. Jina sikuliandika. Niliandika tu: mama wa watoto saba, nyumba ya mwisho kabla ya kisima.

Wiki ya tatu nesi alikwenda kule kliniki, akarudi akaniita nje. Mama yule hakufika. Majirani walimwambia mtoto wake mdogo anabanwa na kifua, na mama mkwe ameficha kadi ya kliniki. Hakuna atakayekanyaga tena kwa watu wanaohesabu, alikuwa amesema. Ni karatasi ndiyo iliyomgusa mtoto.

"Anapumua vibaya," nesi aliniambia. "Akikaa hivyo, hafiki Jumapili. Twende wote."

Tulimkuta bibi, yule mama mkwe, akipepeta ulezi uani. Mama alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani, na mbavu za mtoto ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Mama hakunitazama. Nilikuwa nimejiandalia maelezo njia nzima, nikaanza kuyasema. Bibi hakuacha kupepeta.

"Wewe ndiye mwenye kalamu?"

"Ndimi, bibi. Nimekosa."

"Hesabu tena."

Nikamwambia sitathubutu.

"Hesabu. Safari hii ukosee."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Ulimi wangu ulitaka kwenda sawa. Nikaanza na mbuzi, nikamruka mtoto mkubwa, nikamhesabu nesi, nikarudi kwa mbuzi. Watoto wakaanza kucheka na kuhamahama, wa jirani wakaja kujichanganya nao, kuku akapita nikamtia, nikajitia na mimi. Nyuzi za pamba zilikuwa zikielea juu ya ua, na kwa muda sikujua nahesabu nini, wala tuko saa ngapi.

"Umepata wangapi?" bibi akauliza.

"Sijui, bibi."

"Basi andika."

Nikatoa ile fomu, nikakata tarakimu, juu yake nikaandika neno alilonipa mama siku ya kwanza. Bibi alikuwa mwanafunzi wa kisomo. Akaishika karatasi mbali na macho, akasoma polepole, "Wa-po." Kisha akaweka ungo chini, akaingiza mkono ndani ya kibuyu kilichoning'inia ukutani, akatoa kadi na kumpa mkwewe.

Mama aliingia garini na mtoto. Njiani nilibandua karatasi yangu ghalani, tukaendelea hadi hospitali, Musoma. Siku ya kufunga mafunzo aliniambia mtoto anapumua vizuri na ameanza kunyonya.

Sasa ni miaka minne. Nimeoa, na hufundisha waandishi wapya wa vijijini pamoja na nesi yule. Mstari wa idadi ya watoto tumeufuta. Tunauliza mtoto mdogo alimfuata mwenzake baada ya muda gani, na hiyo inatosha kueleza majira. Bado naandika barua moja mara nne. Lakini watoto wa mtu siwahesabu, na nikipata fomu yenye nafasi tupu, naipeleka hivyo hivyo.