Mbishi wa Kwanza Mpaka wa Tano

Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa serikalini mpaka alipopunguzwa kazi yeye na wenzake wengi. Akanunua kompyuta mbili zilizokwishatumika, akapanga chumba cha mbele pale Mwenge, akaniita nimsaidie. Yeye alikaa mlangoni na wateja, mimi nyuma ya pazia pamoja na printa. Kila alichochapa ilibidi niletewe kwa disketi, na kwa vumbi la pale, disketi ziligoma zilipotaka zenyewe.

Ndipo akamleta fundi mmoja wa Manzese, Mmakonde mpole aliyeanzia kwenye kutengeneza redio. Akapitisha waya ukutani kuunganisha kompyuta zetu mbili, akakusanya kazi zetu zote ndani ya folda moja kwenye kompyuta ya shangazi, kisha akaniambia nitazame kwangu. Folda ileile ilikuwa pale, imekaa kama yangu.

"Yaani huyu akiwa huko ndani anaona vya kwangu vyote?" shangazi akauliza.

"Na wewe vyake, mama."

"Hakuna kufuli?"

"Lipo. Ila mkifunga, mtarudi kwenye disketi."

Shangazi akafikiri, akasema basi, aache wazi.

Wiki iliyofuata alikwenda msibani Temeke, akaniachia duka. Akaingia mzee mmoja wa Mbweni, mteja wake, ambaye mimi sikuwahi kumhudumia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi? Kuna neno nataka abadilishe kwenye mkataba wangu wa kupangisha nyumba."

Zamani ningemwambia arudi kesho. Safari hii nikamkaribisha ndani kwa maringo, nikamwekea kiti karibu yangu, nikafungua folda. Jina lake halikuwemo. Palikuwa na mafaili MBISHI 1, MBISHI 2, hadi MBISHI 5. Nikafungua la mwisho kwa kubahatisha, likatokea jina la mzee na nyumba yake ya Mbweni.

Akavaa miwani.

"Mbishi ndiye nani?"

Nikainamia kibodi.

"Mie?" mzee akauliza.

"Shangazi ana utani sana, mzee."

"Mie si mbishi hata kidogo! Nenda Mbweni, muulize yeyote. Nimerudi mara zote hizo kwa sababu yeye ndiye anakosea. Na ile mara ya tatu hakukosea, lakini..."

Aliendelea hivyo mpaka nikamaliza kusahihisha na kuchapa. Kisha akajisikia mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake akaja tena, hana hata karatasi mkononi.

"Mbishi wa sita amefika," akamwambia shangazi.

Nilisikia kiti kikianguka. Nilipochungulia, shangazi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. "Shikamoo, kaka. Jamani, nisamehe!" Akaagiza chai, wakakaa wakibishania bei ya saruji mpaka adhuhuri.

Jioni ile alibadilisha majina yote. Na hapohapo akagundua kwamba akiweka faili lolote kwake, nami naliona jina lake mara moja. Basi akawa ananiwekea mafaili matupu: CHAI IMEIVA. PUNGUZA REDIO. MBONA KIMYA UNAUMWA. Pazia tu lilitutenganisha, angeweza kuita. Mimi nilikuwa nayafuta nikishayasoma, isipokuwa hilo la mwisho, nililoliacha muda mrefu.