Mti Uliopandwa Kichwa Chini

Mke wangu ana mti uliopandwa kichwa chini. Upo ukutani sebuleni, umechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi: shina juu, matawi yanashuka. Mimi ni seremala, miti naijua, na siku ya kwanza nilimwambia huo haujawahi kuota popote. Akaniambia nishike randa yangu.

Alikuwa karani wa masjala hospitalini miaka kumi na tisa, kazi yake kutafuta mafaili ya wagonjwa makabatini. Siku moja mama mmoja alisubiri faili lake tangu asubuhi mpaka jua likazama. Halikuonekana, akarudi kwao bila kutibiwa. Mke wangu hakula siku ile. Mwezi uliofuata akaanza kujifunza kutengeneza programu za kompyuta, miwani puani, wajukuu wawili nyumbani. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, sifichi.

Huo mti ndio programu yenyewe, alinieleza. Juu kabisa kuna dirisha. Ndani ya dirisha mna visanduku, na ndani ya visanduku mna vitufe na maandishi. Kila kimoja kina mzazi mmoja tu. Mzazi akihama, wanawe wanahama naye. Akifichwa, nao wanafichika. Na watoto wa mzazi mmoja huchorwa kwa zamu: anayekuja mwisho hukaa juu ya wenzake, na ukibofya, yeye ndiye anayeguswa kwanza.

"Kitinda mimba huyo," nikasema. "Kadekezwa."

"Kama wewe," akasema. Kwetu mimi ndiye wa mwisho, basi nikarudi kwenye randa yangu.

Baada ya miaka miwili, ikafika siku ya majaribio hospitalini. Faili la mgonjwa wa kwanza lilipatikana kufumba na kufumbua. La pili, kitufe cha Tafuta kikagoma. Kinaonekana, tena kinang'aa, lakini ukikibofya, kimya. Sista mkuu akaitazama foleni.

"Mama, nakuheshimu sana," akasema. "Lakini ikifika saa nane haijafanya kazi, narudi kwenye makabati, na hii tuisahau."

Mke wangu akaja nyumbani mbio, kompyuta kwapani, macho mekundu. Nilimwonea uchungu, nikaacha mezani mlango wa mteja niliokuwa nauranda.

"Njoo tuite majina," akasema.

Ndivyo anavyofanya akikwama. Yeye anashika kalenda na kuita, mimi naangalia kwenye kompyuta orodha ya vyote vilivyomo dirishani wakati huo na kumjibu.

"Dirisha?"

"Lipo."

"Kisanduku cha juu?"

"Kipo, na mwanawe Tafuta."

"Kisanduku cha majina?"

"Kipo."

"Basi, wameisha."

"Hawajaisha. Hujamwita Subiri."

"Huyo hayupo. Nilimwondoa."

"Ulivyomwondoa sijui, mama watoto. Yuko hapa, wa mwisho kabisa, kalijaza dirisha zima."

Subiri ni pazia alilolitandaza jana yake, la kuwaomba watu wavute subira wakati programu inatafuta. Faili likipatikana, pazia linapaswa kuondoka. Mke wangu alivua miwani.

"Nilimtoa rangi tu," akasema polepole. "Asionekane. Kwenye mti sikumtoa."

Kumbe tangu faili la kwanza Subiri alikuwa amelala juu ya wenzake, haonekani, anajipokelea kila mbofyo.

"Kitinda mimba," nikasema, na safari hii alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alibadilisha mstari mmoja tu wa programu, ili Subiri atoke mtini kabisa. Saa nane kasoro dakika kumi tulikuwa hospitalini, mimi bado nina vumbi la mbao nywelani. Sista akabofya. Faili la pili likaja, la tatu, la nne. La tano lilikuwa la bibi mmoja aliyetandika mkeka kando ya ukuta, chupa ya chai pembeni.

"Bibi, faili lako hili hapa," Sista akamwambia. "Daktari anakungoja."

"Langu? Sasa hivi?" Bibi hakuinuka. "Mbona nimekuja na chai ya kusubiria mpaka jioni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Alimshika bibi mkono akamwinua, akaukunja mkeka, akaichukua ile chupa.

"Nenda kwa daktari, mama," akamwambia. "Chai tutainywa ukitoka."