Bei Aliyoipata Lalla Yamna Usingizini

Nilianza kununua vifungo vya kaftani kwa Lalla Yamna, yaani Bibi Yamna, hapa Sefru nchini Moroko, siku aliponiletea fungu nikamwambia vimepinda.

"Kilichopinda ni jicho lako, Si Buazza," akanijibu; hiyo "Si" kwetu ni "Bwana". "Vaa miwani kwanza, ndipo tuzungumze."

Nikajua nimepata fundi, na nimepata kazi.

Vifungo hivyo husukwa kwa hariri na sindano, kimoja kimoja, na Yamna ana fibromyalgia. Leo bega linauma, kesho nyonga, keshokutwa mwili mzima, na picha za hospitali hazionyeshi kitu. Daktari alimwandikia kidonge cha kumeza akienda kulala, maumivu yatulie apate usingizi. Kikamsaidia. Wifi yake Fadma, anayekaa naye, hakukitaka: "Dawa ya wavivu hiyo. Itupe."

Ramadhani ikaingia. Mwezi huo tunakesha, tunakula daku, ndipo tunalala. Yamna akafuata agizo sawasawa: akala daku, akameza, akalala. Kidonge nacho hakina habari na Ramadhani, kikaendelea na kazi yake mpaka mchana.

Mchana huohuo nikaenda kuagiza vifungo vya Idi. Ilikuwa kazi kubwa, na kama asingeweza kuimaliza kwa wakati, ningempa mwingine. Yeye angebaki bila pesa ya kununulia dawa. Nikamkuta kaegemea ukuta, sindano mkononi, macho chini. Nikataja bei. Kimya.

"Lalla, hali ni ngumu mwaka huu."

Kimya. Nikapandisha kidogo. Hata kope hazikutikisika. Tangu nianze biashara sijakutana na moyo mgumu namna ile! Nikapandisha tena, nikaapa wallahi hiyo ndiyo ya mwisho.

Akakoroma.

"Tumekubali!" Fadma akadakia kutoka jikoni. "Umeapa na swaumu yako mdomoni, kaka."

"Lakini amelala!"

"Wewe si ulikuwa macho?"

Yamna akazinduka, akaelezwa. Fadma alikuwa anacheka mpaka anashika mlango. "Wifi, nisamehe. Dawa hii ni dhahabu. Meza kila Si Buazza akija."

"Na vifungo utasuka wewe? Nikiendelea hivi, Idi itapita nimelala."

Akampigia daktari simu palepale. Akaambiwa asiiache dawa ghafla, ila aisogeze: ameze jioni baada ya futari, alale mapema, Fadma amwamshe daku. Maumivu hayakwisha, lakini asubuhi vidole vilikubali sindano. Siku vilipogoma alipumzika, akarudi baadaye.

Vifungo vilifika kabla ya Idi, vimekaza sawasawa, na washona kaftani wa mji wa Fesi wakavigombania. Nilipata faida, sikatai. Yamna alipata dawa ya miezi ya mbele, na Fadma ndiye anayemkumbusha kumeza. Bei ya zamani ndiyo niliyoipoteza mimi. Nimejaribu kuirudisha mara nyingi, lakini sasa Yamna yuko macho kabisa.