Batri ya Kinga na Kichwa cha Baba Mukwe

Watu wa Mubi wakitaka kunicheka, mpaka leo, wanaulizana tu: "Iko na moto?" Na mimi naendelea kunyoa.

Nilifika Mubi nikitoka Karuba, vita imetufukuza kwenye milima yetu, mukononi niko na mashini ya kunyoa peke yake. Nikafungua salon ya mbao kando ya barabara. Jina letu pale, sisi wakimbizi wa vita, lilikuwa moja: deplase. Hata uvae kravati, deplase. Sasa deplase huyu akapenda mutoto wa Papa mumoja mwenye duka la vyombo, mufanya biashara wa kutoka Butembo, muntu wa misa ya kila asubuhi. Papa akasema wazi: "Siwezi kutoa mutoto wangu kwa muntu hana kazi. Nitapita kunyolewa kwake, nione kama iko kazi ao ni michezo."

Eh Bwana! Nimunyoe na nini? Barabara ilikuwa imefungwa, mafuta ya esanse haifiki, na juu ya jenereta yangu kuku alikuwa anatagia. Njo nikasikia kuna muntu ametoka Hombo na batri ya kinga ya kuran, zile baiskeli za umeme zinakimbia bila kukanyaga. Kinga yenyewe ilivunjika njiani, akabaki anauza batri.

Nikamukuta ameiweka juu ya jiwe, jua kali. Kwetu nguvu ya batri tunaiita moto. Nikauliza kama mujuaji: "Iko na moto?"

"Shika mwenyewe, kaka."

Nikashika. Ayaya, inachoma! Nikasema ndani ya roho, hii moto ni mingi sana, wacha nilipe haraka kabla hajabadilisha mawazo. Muntu muzima, na ndevu zangu, nilinunua joto la jua.

Fundi wa radio akaniunganishia nyaya, mashini ikalia vrrr. Kumbe ndani mulibaki moto kidogo tu. Fundi akaniambia niipeleke kwa jirani mwenye pano ya jua, ichajiwe vizuri. Kwa jirani kufanya nini? Kwetu Karuba, mabatri ya radio yakichoka, mama aliyaanika juu ya bati, jioni radio inaimba. Nikafikiri kwa akili yangu nyingi: pano inakula jua, halafu inapatia batri. Sasa kwa nini batri isikule jua yenyewe, bila kupita kwa muntu? Nikaianika. Nilipoigusa, moto tele. Nilijisifu mpaka nikapiga muluzi.

Papa akaja saa sita, jua la kichwani. Nikashusha batri, nikafunga nyaya, nikanyoa upande wa kuume huku namueleza mambo ya maendeleo. Kufika katikati ya kichwa, mashini ikakohoa, ikanyamaza. Nikapiga batri kofi. Nikaigusa. Ilikuwa ingali ya moto, mubaya ile!

Kwenye benchi walikuwa wawili wanangoja zamu. Mumoja akasema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Mwingine akasimama: "Mimi sitii kitu. Naenda na nywele zangu."

Papa alijiangalia kwenye kioo. Upande mumoja mutoto wa ubatizo, upande mwingine muzee wa heshima.

"Kijana, kwenu munanyoaga na nini?"

"Na wembe, Papa."

"Basi chukua wembe. Maji ukiyavulia nguo, sharti uoge."

Nikapaka sabuni. Yeye akainamisha kichwa, akafunga macho. Miaka ile hakuna muntu alikuwa anapatia mugeni shingo yake hivyo. Nikanyoa polepole mpaka nikamaliza.

Akapitisha kiganja kichwani. "Iko kazi. Lete wazee wako tuongee."

Njo pale nilishikwa. Wazee gani? Baba alikuwa ameshazikwa, baba zangu wadogo walikimbia kila mumoja na njia yake, hatujui nani iko hai. Na muntu hajiombei bibi wa kuoa mwenyewe kama anaomba chumvi. Nikamwambia, "Papa, sina." Nikalia, mwanaume muzima, na wembe mukononi.

Alivaa kofia yake polepole. "Nitakupatia mudogo wangu mwanaume. Atakuja kuniomba mutoto, akisimama mahali pa baba yako."

Siku ya kuomba, mudogo wake alinitangulia, akapiga hodi kwenye nyumba ya kaka yake mwenyewe kama mugeni, tukakaribishwa. Walibishana juu ya mbuzi za mahari mpaka sauti zikapanda. Mimi nilikaa nyuma yake, nimeangalia chini.

"Kaka, vita ilikula mbuzi zetu," akasema kwa hasira ya kweli. "Pokea zile ziko, ao tunyanyuke, turudi kwetu Karuba."

Karuba, yeye hakuwahi kufika hata siku moja.