Kishimo cha Mama

Mama alikuwa amesahau uso wangu, lakini njia hakuisahau. Alikuwa akiugua kwa dada yangu, mjini Bariadi, na kila nilipoketi karibu na kitanda aliniuliza kama nimepita kwenye mwamba wa ikulu ya zamani ya mtemi, alikokulia. Wasichana walikuwa wakisagia mtama kwenye vishimo vya mwamba huo.

"Mwanangu anakijua kishimo changu," alisema. "Akiwa mdogo nilimkalisha humo, akaenea."

Mwana huyo ni mimi. Nilichokumbuka ni ubaridi wa jiwe matakoni tu. Nimezunguka miji mingi na kote nimewachosha watu kwa habari za kwetu, lakini umbo la kile kishimo sikuwa nalo. Nikawaza, nikikiona na kurudi kumweleza kilivyo, atanijua. Alikuwa ameacha kula. Sikuwa na jingine la kujaribu.

Asubuhi nikashuka kwenye basi pale Dutwa, nikatembea peke yangu kwa maelekezo yake: uzio wa minyaa, mahali pa ngoma, njia ya ng'ombe, halafu mwamba utakuona kabla wewe hujauona. Minyaa ilikuwapo, imerefuka, imezunguka shamba la pamba mahali zilipokuwa nyumba za wake wa mtemi. Kigae cha chungu kilitokeza kwenye tuta. Mahali pa ngoma palikuwa pamepandwa mahindi. Nilisimama hapo hata hivyo, nikakanyaga taratibu, kana kwamba ardhi ingelia. Njia ya ng'ombe ilikuwa imezama kwa kwato za miaka, nikaifuata nikishuka karibu mbio.

Nilisikia nyundo kabla sijaona mwamba. Wanawake walikuwa wameketi kwenye vivuli vya magunia, wakiponda kokoto.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu aliyekuwa karibu.

Wakaangua kicheko.

"Mwadila saa hizi? Bhabha, kwako jua limeshazama?"

"Mwacheni, huyu kalala Dar kaamkia hapa!"

Nikajirekebisha: "Mwangaluka." Mama mmoja mnene akaitikia, akauliza mimi ni ng'wa nani, mtoto wa nani. Nikataja jina la babu. Hawakulijua. Nikaulizia vishimo vya kusagia.

Nyundo yake ikasimama. "Tulianza navyo hivyo. Hapo jiwe lilikuwa limelika, halikusumbua." Akanitazama usoni, sauti ikashuka. "Ungekuja kabla ya mvua, bhabha."

Nilipiga magoti kwenye rundo, nikaanza kufukua kwa mikono.

"Almasi ni Shinyanga!" mmoja akanitania, na wengine wakacheka tena. Yule mnene hakucheka. Alinisogezea rundo jingine kwa mguu.

Humo nilipata kipande kilichonitosha viganjani. Upande mmoja kilikuwa laini, kimebonyea kama bakuli. Pale bakuli lilipopaswa kuendelea, palikuwa pamekatika. Nikakifunga kwenye shati langu, nikarudi nimebaki na fulana.

Jioni nilimwekea mama kipande kile mapajani. Kiganja kikaingia kwenye ule mbonyeo chenyewe, kikaanza kwenda na kurudi. Midomo ikacheza. Dada akaziba mdomo kwa kanga.

"Ulinikalisha humu, mayu," nikasema. "Nikaenea."

Kiganja kikafika penye ukingo. Kikasita. Akaupapasa mkato kwa kidole, polepole, kisha akainua macho na kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kwa macho yote mawili.

"Ndiwe uliyekivunja?"

"Hapana, mayu, mimi ni…"

"Mtoe mgeni huyu," akamwambia dada. "Amevunja kishimo changu. Mwanangu akija atakaa wapi?"

Dada alinishika mkono, akaniomba nitoke kidogo. Nikasimama nje ya pazia. Sasa ilikuwa saa hasa ya salamu ile ya jioni, nikasema kwa sauti aisikie: "Mwadila, mayu."

Mama hakuwahi kuacha salamu ya mtu bila kuitikia. Nilingoja. Kilichonifikia ni kiganja chake juu ya jiwe, kikienda na kurudi, kikisimama kila kilipofika pale palipokatika.