Fundi wa Miguu Nje ya Chumba cha Vipimo

Kaka yangu anatengeneza miguu. Ukimwuliza kazi yake atakujibu hivyo hivyo, "Natengeneza miguu," kisha anakusubiri ucheke. Wengi hucheka. Amefanya kazi miaka ishirini na moja katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, akiwatengenezea miguu bandia watu waliokatwa kwa sababu ya kisukari, ajali au mashine za viwandani. Wenzake walimpa jina la Plasta, kwa kuwa hata siku ya harusi yake alikuwa na unga mweupe chini ya kucha.

Kazi huanzia kwenye chumba kidogo wanachokiita chumba cha vipimo. Mgonjwa anakaa kwenye kitanda kirefu. Fundi analoweka bendeji za plasta kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anazizungusha kwenye kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kisha anashikilia kwa viganja viwili mpaka zigande. Kwa aliyekatwa chini ya goti kazi ni nyepesi. Kwa aliyekatwa juu ya goti, plasta lazima ipande mpaka mwanzo wa paja, na kiganja cha fundi kiutafute mfupa wa kukalia, maana uzito wote wa mtu utaegemea pale. Ukikosea upana wa kidole kimoja, mtu atauvaa mguu wako wiki moja, halafu atausimamisha nyuma ya mlango asiuguse tena.

Kwa sababu hiyo kuna kanuni. Mgonjwa akiwa mwanamke, mhudumu wa kike lazima awepo chumbani, na aweke sahihi kwenye fomu kuwa alikuwepo. Mhudumu mwenyewe ni mama mmoja mnene, mwenye maneno mengi, wanamwita Mama Beseni. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa la karakana nzima. Mama Beseni ni mmoja na wanaomwita ni kumi. Basi kila asubuhi, kabla chai haijapoa, alikuwa anazitia sahihi fomu zote za siku hiyo.

"Leteni nisaini sasa hivi," alikuwa akisema. "Mchana sitakuwa na mkono hata wa kujikunia."

Mkuu wa karakana alijua. Mafundi walijua. Hakuna aliyeona ubaya.

Siku moja akaja dada mmoja mshonaji, wa miaka thelathini na kitu, ambaye lori lilimkata mguu juu ya goti. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja kupimwa. Mara mbili za kwanza alirudishwa kwa sababu hapakuwa na plasta. Mama Beseni alikuwa ameitwa wodini. Kaka akamwonea huruma yule dada asirudishwe tena, akafunga mlango, akaanza.

Alifanya kama alivyozoea siku zote: kimya, macho ameyaelekeza ukutani. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Mkono ulipopanda kuutafuta mfupa, yule dada alisema, "Basi. Inatosha." Plasta ilikuwa inaganda. Kaka akajibu, "Bado kidogo," akaendelea kushikilia.

Siku ya nne akapewa barua. Amelalamikiwa kwa kumshika mgonjwa isivyofaa. Anasimamishwa kazi wakati uchunguzi unaendelea, na haruhusiwi kukanyaga karakana wala kuzungumza na mlalamikaji.

Shemeji, mke wa kaka, alimwuliza mara moja tu, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo na kikombe mkononi.

"Ulimshika?"

"Nilimshika. Kazi yenyewe ni kushika."

"Sijakuuliza kazi."

Kaka akamtazama usoni. "Si kwa nia hiyo, mama watoto. Wallahi si kwa nia hiyo."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, akaenda kufua. Nadhani alimwamini. Lakini tangu siku hiyo alikwenda bombani mchana wa jua kali, wakati ambao hapakuwa na mtu wa kumwuliza habari za nyumbani.

Mimi ni fundi rangi, na msimu ule kazi zilikuwa chache, kwa hiyo nilikuwa nikipita kwake karibu kila siku. Nilikuwa namkuta amekaa barazani, amevaa suruali ya kazini. Aliamka saa ile ile aliyoizoea. Alinawa, akavaa, akafika hadi barazani, basi. Mtu akipita njiani anachechemea, kaka anamfuata kwa macho mpaka anapinda kona. "Yule nyonga inamvuta," ananiambia. "Kiatu chake kimoja kingeongezwa soli kidogo tu."

Siku nyingine alinihadithia habari ya vyuma viwili. Karakana wana vyuma viwili virefu vilivyofungwa sambamba, usawa wa kiuno, na mgonjwa anasimama katikati yake siku anapovaa mguu kwa mara ya kwanza. Fundi anakaa mbele kwenye kigoda, anatazama. "Anaanza kwa kushika kwa nguvu mpaka mishipa inatoka," alisema. "Halafu kidole kimoja kinaachia. Halafu cha pili. Yeye mwenyewe hajui kama ameachia. Mimi ndiye ninayeona." Baadaye akasema, "Wiki hii alikuwa asimame yule mzee dereva. Sijui nani amekaa kwenye kigoda."

Nikamtilia chai nyingine.

Ndugu wakaanza kushauri. Mjomba wetu alisema twende watu wazima watano nyumbani kwa yule dada, tumwombe radhi, yaishe. Shemeji alitaka aende yeye peke yake, mwanamke kwa mwanamke. Kaka naye siku moja aliamka na hasira, akasema atamshtaki kwa kumchafulia jina. Mimi nilikumbuka kwamba niliwahi kupaka rangi ofisi ya wakili mmoja mama anayetoa msaada wa kisheria bila malipo. Nikamwambia kaka, kwa sauti ya chini, kwamba labda tumwulize kwanza anayejua.

Wakili alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani. Alisoma barua mara mbili.

"Nani ameshakwenda kwa huyu dada?"

"Bado hakuna," kaka alisema. "Mjomba alitaka..."

"Mjomba akae nyumbani. Mkeo akae nyumbani. Mkienda, hata kwa machozi na soda mkononi, itaandikwa kwamba mlikwenda kumtisha. Na barua ya kuacha kazi, umeombwa uandike?"

"Mkuu alisema nikiandika mwenyewe, itakuwa ya heshima."

"Usiandike. Ukiandika umejifungia mlango mwenyewe. Sasa nisikilize, mzee wangu. Una haki ya kupewa malalamiko yake kwa maandishi kabla hujajibu. Una haki ya kujibu kwa maandishi, na ya kwenda na mtu mbele ya kamati ya hospitali. Polisi wakikuita, unakwenda, lakini hutoi maelezo mpaka nimefika. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Na kumshtaki je?"

Wakili akaivaa miwani, akamtazama vizuri. "Kumshtaki kwa lipi? Amepeleka lalamiko mahali panapohusika. Hiyo ni haki yake kama ulivyo na haki ya kujitetea. Ukimshtaki leo, kila mtu ataona unamlipizia kisasi, na mimi nitakuwa wa kwanza."

Kaka akainamisha kichwa. Wakili akaichukua ile fomu ya vipimo, nakala yake ilikuwa imebanwa pamoja na barua.

"Huyu mhudumu alikuwepo chumbani?"

"Sahihi yake hiyo hapo."

"Sahihi naiona. Nakuuliza yeye."

Kaka akasema, "Hakuwepo." Kisha akamweleza habari ya chai na fomu za asubuhi.

Wakili akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo karatasi yako bora kuliko zote ni ya uongo. Mimi siwezi kuipeleka hiyo mbele ya kamati huku najua. Nenda ukaandike kila kitu kilivyokuwa, tangu ulipofunga mlango mpaka ulipoufungua. Usipunguze."

Kaka aliandika siku tatu. Sisi hatukusoma sana, darasa la saba tu, na kila sentensi aliisoma kwa sauti kuona kama inasimama. Alipofika pale yule dada aliposema "Basi," aliinua kalamu. "Hili neno niliweke?" aliniuliza.

"Alilisema?"

"Alilisema."

Nikamwambia basi na liwekwe.

Siku mbili kabla ya kamati, mkuu wa karakana akaja nyumbani. Alikataa kuketi.

"Plasta, mbona unajitesa? Fomu ina sahihi. Nimezungumza na Mama Beseni, yuko tayari kusema alikuwepo. Wewe useme alikuwepo, yeye aseme alikuwepo, ni watu wawili dhidi ya mmoja. Jumatatu uko kazini. Miguu kumi na moja inakusubiri pale, vijana wanaiharibu tu."

Niliuona uso wa kaka aliposikia habari ya ile miguu kumi na moja. Aliuliza ni ya nani. Mkuu akamtajia mmoja mmoja: dereva, yule mwuza mkaa, bibi wa kisukari. Kaka alikuwa akisogeza viganja vyake polepole juu ya magoti, kama anayevipima.

"Dereva bado hajasimama?"

"Anakusubiri wewe. Amekataa wengine."

Mkuu alipoondoka, kaka alibaki barazani mpaka jua likamfikia miguuni. Shemeji akaja akasimama mlangoni.

"Nimesikia," alisema. "Ukisema alikuwepo, mimi nitaishi na wewe hivyo hivyo. Ila sitakuuliza tena kitu, maana sitajua jibu lipi ni la kweli."

Mbele ya kamati ni mimi niliyemsindikiza, kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa ndugu mmoja, si wakili, naye wakili alitangulia kupeleka maelezo ya kaka kwa maandishi. Walikuwa watu watano kwenye meza ndefu. Yule dada alikaa upande wa pili na dada yake mkubwa, magongo ameyalaza sakafuni. Alisoma karatasi yake bila kuinua macho. Mwishoni aliikunja akasema bila kusoma:

"Wanasema ndivyo mguu unavyopimwa. Sawa, mimi sijui kupima miguu. Lakini angeniambia. Mimi nikimpima mteja gauni namwambia, sasa nazungusha kiunoni, sasa nashuka. Yeye hakuniambia kitu. Na nilimwambia basi. Hata kama ni kazi, nilimwambia basi."

Mwenyekiti akamgeukia kaka. "Mhudumu alikuwepo?"

"Hakuwepo," kaka alisema. "Ile sahihi iliwekwa asubuhi. Tunafanya hivyo sote. Na alisema basi, nikamjibu bado kidogo. Nilikuwa naifikiria plasta."

Mama Beseni, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mashahidi na kanga yake mpya, aliziba mdomo kwa mkono. Alipoitwa, alilia kabla hajaulizwa, na akasema kweli.

Barua ya uamuzi ilikuja baada ya siku tisa. Kamati haikuona ushahidi wa nia mbaya. Iliona amevunja kanuni ya shahidi, na ameendelea baada ya mgonjwa kumwambia aache. Onyo la maandishi. Anarudi kazini, ila chumba cha vipimo na ukumbi wa kusimamisha wagonjwa hatakanyaga tena. Atakuwa kwenye banda la kupiga msasa na kupaka rangi miguu iliyokwisha kutengenezwa. Mkuu naye alipewa onyo, na fomu za asubuhi zikafa siku hiyo hiyo.

Wakili alisema, "Una siku thelathini za kukata rufaa kwenye baraza la kazi. Una nafasi nzuri. Karakana nzima ilikuwa inafanya hivyo, na miaka ishirini na moja hujawahi kulalamikiwa. Wanaweza kukurudishia chumba."

Kaka aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. "Wanaweza?"

"Wanaweza."

"Na yule dada, ataitwa tena?"

"Bila shaka. Ataulizwa upya, na safari hii kwa maswali makali. Mimi mwenyewe nitalazimika kumwuliza."

Kaka akarudi kukaa. Alisema atafikiri.

Akafikiri siku ishirini na tisa. Akawa anakwenda bandani asubuhi, anarudi jioni na vumbi la rangi ya ngozi mpaka kwenye nyusi. Shemeji akamtania kwamba sasa amepata ngozi ya pili. Alicheka. Dereva alisimamishwa na kijana mwingine, na kaka alipata habari kwamba alisimama vizuri.

Siku ya thelathini alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaniomba nimsindikize. Karatasi za rufaa alikuwa nazo kwenye bahasha. Tulifika kwenye ngazi za ofisi ya wakili saa nane, akasema tupumzike kidogo. Tukakaa. Watu walipanda na kushuka kando yetu. Saa tisa ikapita. Saa kumi nikamwambia, "Kaka, wanafunga." Akasema, "Najua."

Wakili alitoka na funguo mkononi, akatukuta pale.

"Mlikuwa mnanisubiri mimi?"

"Hapana, mama," kaka alisema. "Tulikuwa tunapumzika tu."

Aliitazama bahasha. Akamtazama kaka. Akasema, "Haya, msalimie mkeo," akashuka.

Tuliondoka kwa miguu. Tulipofika kwenye kona ya duka la vioo kaka alisimama ghafla, nikadhani anataka kurudi.

"Ile plasta niliyoitoa kwake ndiyo waliyotumia," alisema. "Kijana aliniambia. Hawakumpima upya, alikataa kushikwa mara ya pili. Kwa hiyo mguu aliovaa ni kipimo changu."

"Basi utakuwa umemkaa vizuri."

"Pengine. Plasta iliganda wakati anatetemeka." Alibadilisha bahasha mkono. "Siwezi kumwuliza. Wala wewe usimwulize. Ila natamani kujua kama anautembelea, au umesimama nyuma ya mlango."

Nilitaka kumwambia kwamba anautembelea. Lakini sikuwa najua, na kwa muda wote ule hakuna kitu alichokuwa amekikataa kama maneno ya kufariji yasiyo na uhakika. Tukaendelea kutembea.