Sufuria Juu ya Bati

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipotoka darasani Igogo na habari nzito kuliko gunia la mpunga: manispaa inajenga mtambo kilimani, na wiki hiyohiyo itamwaga intaneti hewani, bure, kila nyumba yenye bati iikinge kama inavyokinga maji ya mvua. Niliiamini habari hiyo kuliko nilivyoamini jina langu.

Usinicheke kwanza. Siku zile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Redio za watu binafsi, simu za kutembea nazo, mitumba ya kila rangi. Ukilala leo, kesho unaamkia jambo jipya mlangoni. Sisi wa masomo ya jioni, tuliouza dagaa mchana, tulishazoea kutuma salamu redioni, na jina la mtu likasikika Ukerewe nzima bila waya. Basi mwalimu wetu akatueleza kwamba huko mbele miji itakuwa na intaneti yake, isiyo na waya, ya wananchi wote kama zilivyo taa za barabarani. Mimi hiyo "huko mbele" niliihesabu kuwa Ijumaa. Na kilimani kweli kulikuwa kunajengwa kitu kikubwa cha duara, cha saruji. Kingekuwa nini kingine?

Nikachukua sufuria kubwa ya mama, ile ya kupikia misibani, nikaifunga kwenye mwanzi, nikaisimamisha juu ya bati. Iling'aa hivi kwamba nina hakika ng'ombe wa Sengerema walifumba macho.

Wakati huo nilikuwa nimeposa Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Binti mwenyewe ni Nyanjura, mama yako. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, Mzee Magesa, na wakwe walikuwa wametoa masharti yao wakisubiri jibu letu. Alhamisi akaja nyumbani, amevaa koti lake la safari.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sufuria ya mama yako inafanya nini huko juu?"

"Inasubiri intaneti."

"Itaiva saa ngapi?"

Nikamweleza yote, kwa ufasaha wa mtu aliyesoma jioni. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Meli inaondoka kesho. Wale wazee wanataka jibu kabla ya Jumapili. Tukikaa kimya, watajua tumeacha, na kuna mwalimu wa Bunda ameshamtuma mshenga wake."

"Baba mdogo, usijichoshe na meli. Manispaa wakiwasha tu, nitawapelekea jibu hewani. Hata sura yangu wataiona."

"Wao wataipokelea wapi?"

"Kwenye bati lao."

Mzee Magesa akanitazama kwa huruma. "Nyumba ya baba yake Nyanjura umeiona. Imeezekwa kwa nini?"

Kwa nyasi, mwanangu. Nyasi tupu, kuanzia juu mpaka upenuni. Jasho lilinitoka ungedhani nimeoga ziwani. Kesho yake nilikuwa melini pamoja naye. Tulifika Nansio, tukakaa, tukala ugali na sato, na hakuna aliyegusa habari ya posa mpaka mikono iliponawishwa, maana kule jibu la namna hiyo halisemwi kabla mtu hajala chakula cha wenyeji. Mzee Magesa alipomaliza kusema, baba mkwe akacheka akasema, "Tulidhani mmetuacha." Mshenga wa yule wa Bunda aliambulia kuku wa kula njiani tu.

Sasa na wewe umenipigia simu kwamba jiji litaweka intaneti ya wote, stendi, sokoni, mpaka huku Igogo, na kwamba ikifika tutakuwa tunaonana kwenye kioo, huna haja ya kuja kila Jumapili. Mimi sikukatishi tamaa. Mwalimu wetu alisema kweli, ila nilimwahi mno. Natamani siku hiyo ifike: mvuvi aangalie hali ya ziwa kabla hajatweka, mwanachuo wa Butimba asome hata kama mfuko umekauka. Kitu cha mji kiwe cha mji kweli. Lakini uulize, kama baba mdogo alivyoniuliza, ni nyumba ya nani itakayobaki nje. Uulize pia, wakishamaliza kukata utepe, nani atapanda kule juu kikiharibika. Na wakati mnajibizana na hao wa jiji, usiahirishe safari kwa sababu ya kitu ambacho bado kinajengwa. Jibu linalomhitaji mtu, lipeleke mwenyewe.

Mungu akupe mtandao usiokatika na miguu isiyosahau njia ya nyumbani. Akupe pia mtu wa kukwambia ukweli kwa upole, kama alivyonipa mimi. Maana imani yangu haikuishia Nansio. Tulipofunga ndoa, nikarudi na mama yako kwa meli, na mji ulipoonekana nikamwonyesha kilimani, kwa kidole cha mwenye mali: "Ule ndio mtambo wetu wa intaneti."

Akautazama. Akawatazama na abiria waliokuwa karibu, kisha akasogea sikioni pangu wasisikie.

"Mume wangu, lile ni tenki la maji. Hata kwetu Nansio lipo."